Mtihani ni Amana: Simu ya Mkononi na Wizi wa Majibu

(Mhadhara uliotolewa Mkuyuni, Mwanza, mbele ya wazazi, walimu na wanafunzi)



Tarehe 5 na 6 Septemba ya mwaka 2018 watoto wa darasa la saba wa nchi hii walifanya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, wakakusanya penseli zao, wakarejea makwao wakiamini kwamba kazi ya miaka saba imekwisha. Lakini kwa baadhi yao haikuwa imekwisha, kwani tarehe 2 Oktoba Katibu Mtendaji wa Baraza la Mitihani la Tanzania, Dakta Charles Msonde, alitangaza kwamba matokeo ya shule zote za msingi za Halmashauri ya Chemba, mkoani Dodoma, yamefutwa, pamoja na ya shule kadhaa za Dar es Salaam na Kondoa, na shule tatu za jiji letu hili la Mwanza, na kwamba watoto wa shule hizo watafanya mtihani mwingine tarehe 8 na 9 za mwezi huo huo. Mtihani ulikuwa umevuja. Tena, ilipoelezwa njia uliyopitia, ilidhihirika kwamba huko Chemba walimu wakuu walikuwa wameunda kundi lao la WhatsApp, na ndani ya kundi hilo maswali yakasafiri kutoka simu hadi simu kabla mtoto hata mmoja hajaketi mbele ya karatasi yake.

Nimelianza neno langu hapo kwa sababu mada mliyonipa ni wanafunzi kutumia simu za mkononi kuibia mitihani, na mada hiyo, kama ilivyoandikwa, imekwisha kumtaja mshitakiwa kabla shahidi hajaitwa. Mshitakiwa ni mwanafunzi. Lakini simu za Chemba hazikuwa za wanafunzi. Zilikuwa za watu wazima wenye vyeo na mishahara, waliokabidhiwa watoto na wazazi wao, na kukabidhiwa mtihani na taifa, wakazifanyia hiana amana hizo mbili kwa pamoja. Mtoto wa miaka kumi na mitatu aliitwa kurudia mtihani kwa taksiri ya mwalimu wake, na sidhani kwamba mtoto yule, hata akiishi miaka themanini, atasahau ni nani aliyemfunza kwamba njia ya mkato ipo. Nitayasema ya wanafunzi, wala sitawaficha aibu yao, lakini insafu hainiruhusu kuanzia kwao.

Wizi wa mitihani haukuletwa na simu. Kila mmoja wetu aliyepita shuleni anayajua mambo ya kupiga chabo, na vibomu vilivyokunjwa mpaka vikawa vidogo kama ukucha, na majibu yaliyoandikwa mapajani na viganjani, na mwenzako aliyekohoa mara mbili kwa jibu la pili. Zamani za Mwingereza, na miaka michache baada ya uhuru, karatasi za mtihani wa sekondari zilitungwa Cambridge, nazo zilizoandikwa majibu zikapelekwa huko huko kusahihishwa. Baadaye likaja Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, ambalo Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na kwa Sheria Namba 21 ya mwaka 1973 tukaunda Baraza letu wenyewe. Mwaka 1998 mitihani ya kidato cha nne ilivuja, ikafutwa, ikarudiwa. Wakati huo simu ya mkononi, iliyoingia nchini mwaka 1994, ilikuwa bado ni chombo cha watu wachache wenye uwezo, na mwanafunzi wa shule kama Bwiru au Nsumba aghalabu alikuwa hajapata kuishika. Hata hivyo mtihani ulivuja. Mwaka 2008, karatasi ya Hisabati ya kidato cha nne nayo ikafutwa kwa sababu hiyo hiyo.

Basi simu iliongeza nini? Jambo hili lataka tulitazame kwa utulivu, maana wengi huilaumu simu kwa jumla, kama kwamba ni pepo, na lawama ya jumla haimfai mtu. Karatasi iliyoibwa zamani ilikuwa moja. Ili iwafae watu mia ilibidi inakiliwe kwa mkono, usiku, na mtu mwenye hofu, kisha ipite kwa watu mia, na kila aliyeipokea alikuwa shahidi aliyeweza kusema. Wizi ulikuwa mzito, na uzito wake ulikuwa ngao kwa waaminifu. Simu imeuondoa uzito huo. Picha hupigwa mara moja, na kabla mpigaji hajarudisha simu mfukoni imekwisha kufika kwa watu mia mbili walio katika wilaya tatu. Fauka ya hayo, kitu kilichoibwa hubaki mahali pake: bahasha ipo, karatasi ipo, hesabu ya karatasi ni kamili, hata mwizi mwenyewe hujiambia kwamba hakuchukua kitu. Na lililo baya kupita yote ni kwamba anayepokea hana haja ya kuomba. Ameketi nyumbani, simu imelia, maswali yamemfikia. Hakulipa, hakuvunja mlango, hakumshawishi mtu. Aliyemo ndani ya kundi namna hiyo akanyamaza amekuwa mshiriki pasipo kunyanyua hata kidole, na naamini kwamba wengi wa walioanguka mwaka 2018, katika Chemba na kwingineko, walianguka kwa kunyamaza kabla ya kuanguka kwa kutenda.

Mitihani yetu husafirishwa katika bahasha zilizofungwa, hutunzwa chini ya ulinzi wa polisi, na bahasha hutakiwa kufunguliwa mbele ya watahiniwa wenyewe, saa iliyowekwa. Utaratibu huo ni mzuri na wengi huufuata kwa uaminifu. Lakini ukiuchunguza utaona kwamba kila kufuli iliyomo ina ufunguo ulio mkononi mwa mtu, na mtu huyo siku hizi ana kamera mfukoni. Akifungua bahasha nusu saa kabla ya wakati, picha imekwisha kutoka. Nje yuko mwalimu wa somo aliyeandaliwa, anajibu. Majibu yanarudi ndani kwa simu ya msimamizi, au kwa kipande cha karatasi, au kwa mdomo wa mtu anayepita baina ya madawati. Mtoto wa darasa la saba hana nafasi ya kuyapanga haya. Yeye huambiwa tu: andika A, andika C.

Tazameni hesabu za Baraza lenyewe. Mwaka 2011 watoto 9,736 walifutiwa matokeo ya darasa la saba kwa udanganyifu. Katika kidato cha nne mwaka huo huo walifutiwa 3,303, na miongoni mwa makosa yaliyotajwa ni kukutwa na simu ndani ya chumba cha mtihani, kuingia na maandishi yasiyoruhusiwa, na mfanano wa majibu usio wa kawaida, yaani darasa zima kukosea swali lile lile kwa kosa lile lile. Nchi ilishtuka. Mwaka uliofuata, ambapo ndipo zilipoanza kutumika karatasi za kujibia zinazosomwa na kompyuta, waliofutiwa katika darasa la saba walikuwa 293. Waungwana, pimeni wenyewe: kutoka karibu elfu kumi hadi wasiofika mia tatu, kwa muda wa mwaka mmoja! Tabia ya watoto haibadiliki hivyo katika miezi kumi na miwili. Watoto wa 2012 walizaliwa katika nyumba zile zile, wakasoma katika madarasa yale yale, na tamaa yao ya kufaulu ilikuwa ile ile. Waliobadilika ni wakubwa, ambao waliona kwamba safari hii watajulikana. Kwangu mimi huo ni ushahidi utoshao kwamba wizi wa darasa la saba ni wizi wa watu wazima unaofanywa kwa mikono ya watoto.

Mtihani ni mizani. Pale sokoni kwetu muuza samaki akikutwa na mizani iliyochezewa, Wakala wa Vipimo humshika mwenye mizani, na haki ni hiyo, kwa sababu kosa ni la aliyeishika na si la kilichowekwa juu yake.

Majirani zetu wa Kenya waliyaona haya kwa ukali zaidi. Mtihani wao wa sekondari wa mwaka 2015 ulisambaa kwa simu mpaka ukawa kama tangazo, na matokeo ya watahiniwa zaidi ya 5,000 yakafutwa. Machi 2016 waziri wao wa elimu, Fred Matiang'i, akaivunja bodi ya baraza lao la mitihani, akaamuru karatasi zitunzwe katika makasha ya chuma chini ya polisi, na walimu wakuu wazichukue wenyewe asubuhi ya mtihani na kuwajibika nazo. Mwaka 2015 waliopata alama ya A walikuwa zaidi ya 2,600. Mwaka 2016 walikuwa 141. Sitaki kusema kwamba wote waliopungua hapo walikuwa wezi, maana usahihishaji nao una mambo yake na wako wataalamu waliohoji. Lakini pengo kubwa namna hiyo linatosha kumtia tashwishi mwajiri yeyote anayekishika cheti cha kijana aliyefaulu kwa jasho lake mwenyewe katika miaka ile. Kijana huyo ndiye aliyedhulumiwa kupita wote, na jina lake halitajwi popote. Wala ujanja haukukoma hapo: baadaye wakatokea matapeli waliouza karatasi za kughushi kupitia Telegram, wakalipwa kwa simu, na wazazi wakatoa fedha ya ada kununua maswali ambayo hayakuwa ya mtihani wowote.

Ziko nchi zilizofika mbali zaidi. Ethiopia, mwaka 2016, karatasi za mtihani wa kuingia chuo kikuu zilienea mitandaoni, mtihani wa taifa zima ukaahirishwa, na mwaka uliofuata serikali ikazima intaneti siku za mtihani. Algeria nayo ilifanya hivyo mwaka 2018, ikaizima intaneti nchi nzima kwa saa za mwanzo za mitihani. Nawaelewa viongozi waliofika huko, lakini siafiki. Hapa kwetu muuza dagaa wa Ukerewe huulizia bei ya Mwanza kwa simu kabla hajapakia mzigo. Mama anayeuza nyanya kando ya barabara ya Kenyatta hupokea malipo kwa simu, na mwanawe aliye chuoni hutumiwa nauli kwa simu. Mgonjwa huitiwa gari kwa simu. Kuyasimamisha haya yote kwa ajili ya kumzuia msimamizi mmoja asifungue bahasha mapema ni kuwatoza wengi faini ya mtu mmoja. Na waama, mwizi aliyepanga vizuri atakuwa amekwisha kuzituma picha zake usiku.

Sasa niwageukie ninyi wanangu wa sekondari, maana habari yenu ni nyingine. Ninyi si watoto wa kuambiwa andika A, andika C. Wengi wenu mna simu zenu, za wazi au za siri. Shule zetu zimezikataza, na bado zimo: ndani ya godoro, ndani ya kitabu kilichochimbwa kurasa, chini ya udongo nyuma ya bweni, kwa mpishi anayezichaji kwa ujira mdogo. Mwaka 2019, katika Shule ya Sekondari Kiwanja wilayani Chunya, mzozo wa simu zilizokatazwa ulifikia mabweni kuteketea kwa moto, na mkuu wa mkoa wa Mbeya akaenda akawachapa viboko wanafunzi mbele ya watu. Kuna waliompongeza. Moto ule ulikuwa uhalifu na ulistahili adhabu. Lakini viboko vya hadharani havikuweza kumweleza kijana hata mmoja kwa nini chombo anachokiona mkononi mwa mwalimu wake tangu asubuhi hadi jioni, hata darasani, kiwe haramu kwake peke yake. Katazo lisiloelezwa sababu huzaa ustadi wa kuficha, wala halizai adili.

Nami nitawaeleza sababu, kwa kuwa naamini ipo, tena ni nzito. Udanganyifu mkubwa wa mitihani ya taifa, ule unaoandikwa magazetini, huwapata wachache. Ulioenea ni ule mdogo wa kila siku: swali la hisabati ulilopewa kufanya jioni, ukalipiga picha, ukaiuliza akili mnemba iliyomo simuni, ikakupa hatua zote kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho kwa mpangilio safi, ukazinakili daftarini, au jaribio la Ijumaa ambalo darasa lililotangulia kulifanya limewapigia picha wenzao wa mkondo wa pili. Mnadhani mmemdanganya mwalimu kwa alama chache tu. Zaidi ya hapo mmemfumba macho. Jaribio la wiki ndilo dirisha pekee analolitazamia ili ajue kwamba darasa halikuelewa sehemu za desimali, kwamba arudi nyuma, kwamba alifundisha kwa haraka mno. Akiona majibu yote ni sahihi atapiga vema, atasonga mbele, na kila siku atazidi kuwaacha nyuma nanyi mkimwonyesha nyuso za kuelewa. Mwaka wa nne, katika chumba ambacho simu haimo, mtagundua kwamba hamkuachwa nyuma wiki moja bali miaka mitatu. Ndipo mtu huanza kutafuta wa kumuuzia karatasi. Wizi mdogo wa kila Ijumaa ndio unaotengeneza wanunuzi wa wizi mkubwa wa mtihani wa taifa wa Novemba.

Hata hapo sitaiacha lawama yote juu ya vichwa vyenu. Mtoto wa Mkuyuni husoma miaka saba kwa Kiswahili, na nyumbani pengine husema Kisukuma, au Kikerewe, au Kijita. Kisha Januari moja anaingia kidato cha kwanza, na karibu masomo yote yanageuka kuwa ya Kiingereza. Anakaa mbele ya swali la baiolojia ambalo huenda jibu lake analijua, lakini swali lenyewe halifahamu. Tangu mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulipoanza, tumejenga shule za kata kwa wingi ambao mataifa mengine yangejivunia, na mimi najivunia. Lakini majengo yalitangulia, walimu wa sayansi na maabara vikafuata nyuma sana. Ndiyo sababu matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa Februari 2013, watahiniwa 240,903 walipata daraja la sifuri, zaidi ya nusu ya wote waliofanya mtihani, mpaka serikali ikayafuta na kuyapanga upya. Mwanafunzi aliyeona kaka yake akianguka katika umati huo, naye akijijua kwamba hakufundishwa, atavutwa sana na yule anayemnong'oneza kwamba pepa ipo. Sisemi ana ruhusa. Nasema kwamba tuliomwacha bila mwalimu hatuwezi kumkuta na simu kisha tukajidai kushangaa.

Na hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu jambo hili liliwahi kufikiriwa hapa hapa kandokando ya ziwa letu, na watu waliokuwa na ghera ya kweli. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, alionya juu ya shule ya msingi inayoishi kwa ajili ya mtihani wa kuwachuja wachache huku walio wengi wakionekana wameshindwa. Mwezi wa Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, na katika azimio lililochukua jina la mji huo ikaamua, pamoja na mambo mengine, kwamba mtihani mmoja wa kuandika usiwe ndio hakimu pekee, bali kazi na mwenendo wa mwanafunzi katika miaka yake yote ya shule vipewe uzito. Hiyo ndiyo asili ya alama za maendeleo ambazo hadi leo huingia katika matokeo yenu. Wazee wale hawakuijua simu ya mkononi, lakini waliijua tabia ya mwanadamu: ukiuweka uhai wote wa mtu katika asubuhi moja na karatasi moja, asubuhi hiyo itapata wanunuzi na wauzaji. Naliona Azimio la Musoma kuwa ni mojawapo ya fikira bora zilizopata kutoka katika mwambao huu, na nasikitika kwamba tulilitekeleza nusu nusu, tukazijaza zile alama za maendeleo kwa kukisia, kisha tukarudi kuuabudu mtihani.

Tukaongeza na mashindano. Miaka ikapita ambapo shule zilipangwa kwa namba kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, na mpango wa Matokeo Makubwa Sasa wa mwaka 2013 ukaupa upangaji huo nguvu ya serikali. Mwenye shule binafsi akapata wanafunzi kwa namba yake, mwalimu mkuu akapata sifa au kushushwa cheo kwa namba yake, afisa elimu akaitwa mkutanoni kujieleza kwa namba yake. Mtihani uliokusudiwa kumpima mtoto ukawa unawapima watu wazima walio juu yake, na watu wazima wakaanza kuuibia. Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora, likisema kwamba utaratibu huo hauna tija. Kuna waliolalamika, hasa wenye shule. Mimi nasema Baraza lilitenda haki, na lilichelewa.

Mwaka 2022 ulitupa picha mbili ambazo yafaa tuzitazame kwa pamoja. Baraza lilifuta matokeo ya watahiniwa 2,194 wa darasa la saba na kuvifungia vituo 24 vya mitihani. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imesambaa picha ya video ya mtoto wa kike wa huko Chalinze, akieleza kwa sauti ya utulivu kwamba namba yake ya mtihani ilibadilishwa akapewa ya mwingine. Video ile ikapita simu hadi simu, ikawafikia wakubwa, ukafanyika uchunguzi, na kituo chake kikafungiwa. Simu ile ile, jamani. Huko Chemba ilibeba maswali ya wizi, na huku ilibeba ushahidi wa mtoto ambaye zamani asingepata wa kumsikiliza. Mtoto yule alikuwa na jambo ambalo walimu wakuu wa Chemba hawakuwa nalo: aliona kisicho haki, akafumbua kinywa.

Nanyi mnaodhani kwamba alama ya wizi ikishapita imepita, kumbukeni tarehe 28 Aprili 2017, Rais Magufuli alipopokea mjini Dodoma taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na majina 9,932 yakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Wamo waliokuwa wamefanya kazi miaka ishirini, wenye watoto vyuoni na nyumba zisizokwisha kujengwa. Wakaondolewa kazini. Kughushi cheti na kuibia mtihani ni makosa mawili mbele ya sheria, lakini yametoka tumbo moja, na yote mawili humfanya mtu aishi miaka mingi akiogopa siku ya kuulizwa.

Maombi yangu, basi, ni haya, na nayatoa kwa watu wa Mkuyuni, Butimba, Igogo na Nyegezi kwa sababu nawajua. Mzazi atakayeitwa kikaoni akaombwa mchango ambao haukuandikwa popote, wa kuwasaidia watoto siku ya mtihani, asiutoe, wala asiishie kukataa kimyakimya. Aende TAKUKURU au kwa mwenyekiti wa mtaa, aseme jina la aliyeomba. Mwalimu atakayejikuta ndani ya kundi la simu linalopitisha maswali asitoke tu humo akadhani amejitakasa. Ayahifadhi aliyoyaona na ayapeleke panapohusika siku ile ile. Msimamizi aiache simu yake nje ya chumba cha mtihani kabla hajamwamuru mtoto aiache ya kwake. Viongozi wa shule watupe jaribio la wiki lenye heshima yake, walisimamie, walisahihishe, kwa maana hapo ndipo wizi wa Novemba unapozuiwa. Nanyi wanafunzi, siku mtakapoketi mbele ya karatasi na jibu la mtu mwingine likawafikia kwa njia yoyote, msilipokee. Andikeni mnalolijua, na pale msipojua paacheni wazi, ili walimu wenu waone pa kuanzia.